Kamera ya kupigia nyasi

Mwezi ujao navuka mpaka wa Mutukula kwenda Entebbe, Uganda, kupiga picha za uwanja wa gofu, ule wa mashimo 18 unaoteremka kuelekea ziwani. Ni kazi ya kalenda. Mimi ni mtu wa harusi na vipaimara, nyasi hazijawahi kunilipa. Basi siku hizi kutwa nazungumzia kamera, hadi mke wangu kaniuliza kama naleta mke mwenza.

Muuzaji hapa Mwanza alianza na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, kama waanzavyo wote. Sitini na moja, akasema, kama mshenga anayetaja mahari. Kalenda ya ukutani haihitaji hata nusu yake. Mimi nilitaka kujua jingine: jua likiwa chini, nusu ya nyasi mwangani, nusu kivulini, na ziwa linameta kwa nyuma, kamera itabakiza nini? Maana uwanja wa gofu ukiupiga saa saba mchana unatoka bapa. Vile vilima, mabonde na kingo za mashimo ya mchanga huonekana mwanga ukija ubavuni. Na huku karibu na ikweta jua hupanda wima. Linachomoza kabla ya saa moja, saa mbili limeshakuwa kali. Ukianza kubadilisha lenzi, imekula kwako.

Jumatano alfajiri nilikwenda Capri Point na kamera mbili za kuazima, moja ya zamani yenye sensa ndogo (sensa ndiyo inayonasa mwanga), nyingine Nikon Z6 yenye sensa ya milimita 36 kwa 24. Nikapiga mteremko uleule wa nyasi chini ya miamba. Nyumbani nikaangaza sehemu za kivuli kwenye kompyuta. Ile ndogo ikajaa chembe za zambarau. Z6 ikanionyesha majani, moja moja, hadi umande kwenye ncha zake.

Kuna suala la mlio pia. Mchezaji akiinua fimbo hataki kusikia shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga. Ya kielektroniki iko kimya, ila sensa inayosoma picha polepole, mstari kwa mstari, huonyesha fimbo iliyo kasi kama imepinda. Sony A9 ya 2017 ilipunguza sana tatizo hilo, na Nikon Z9 ya 2021 haina shata ya kimekanika kabisa. Bei zake sizitaji, hapa kuna watoto. Mimi wachezaji nawataka wadogo, mbali, wakitembea.

Kwa hiyo ni Z6 ya mtumba, toleo la 2018, megapikseli 24. Lenzi ya milimita 24-70, ya kupigia eneo pana hadi la wastani, itakaa kwenye kamera muda mwingi. Ya 70-200, ya kuvutia vya mbali, nitaikodi, maana huvuta vilima vya mbali vikaonekana vimebebana. Droni inabaki Mwanza. Kuvuka nayo mpaka bila vibali ni kuwapelekea forodha zawadi.

Kimebaki kichujio cha polaraizi, cha kuondoa mng'ao kwenye majani ili kijani kikolee. Nimeagiza Dar, kinakuja na basi la kesho.