Tangazo la programu yangu ya korosho: jinsi nilivyolirekebisha
Sh 50,000 zilikwisha kwa siku 3, waliopakua programu wakawa 4. Iliniuma. Programu yenyewe inampigia mkulima hesabu: kilo alizopeleka ghalani, bei ya mnada, makato, kinachobaki mkononi.

Nikafungua mipangilio ya tangazo. Lengo lilikuwa kubofya, si kupakua, na eneo ni Tanzania nzima. Mtu wa Mwanza mnada wa korosho haumhusu. Nikabadilisha lengo, nikabakiza Newala, Tandahimba na Masasi, kwenye wakulima wa korosho. Picha ya kupendeza nikaitoa, nikaweka ya stakabadhi ya chama cha msingi (ushirika wa wakulima), imekunjamana, ina doa la wino pembeni. Nikalirusha tangazo Oktoba, minada ilipoanza.

Sh 20,000, waliopakua 61. Mzee mmoja wa Kitangari akapiga simu: “Mwanangu, ushuru hujauweka.” Nikauweka usiku uleule.