Jalada Lisilo na Herufi

Kazi yangu ni kupaka majina ya maboti hapa Kibirizi, Kigoma, kwa hiyo jalada la santuri lisilo na herufi hata moja upande wa mbele lilinishangaza. Tajiri wa boti angedai hela yake! Ni albamu ya kwanza ya King Crimson, bendi ya Uingereza, 1969. Uso mwekundu umejaa jalada zima, kinywa kimeachama mpaka kilimi kinaonekana, macho yametupwa pembeni kwa hofu. Aliyeuchora ni Barry Godber, mtaalamu wa programu za kompyuta. Alifariki Februari 1970 akiwa na miaka 24. Mpiga gitaa, Robert Fripp, anatajwa mpaka leo, Godber je? Mie jina langu naliandika dogo nyuma, karibu na injini, tajiri apende asipende.