Nilipomwita "Auntie"

Siku ya kwanza kazini hapa Georgia, Marekani, nilimwita mama wa watu "Auntie". Nilikuwa nimekwenda kumhudumia nyumbani kwake. Ana miaka 84, na mimi niliyelelewa Tanga mdomo ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu. Shikamoo Kiingereza hakina. Basi nikaokota neno nililodhani ni la adabu, maana kwetu anti ni jirani, ni muuza vitumbua, ni mwanamke yeyote aliyekuzidi umri. Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kijiko chini taratibu, akaniambia yeye hajazaliwa tumbo moja na mama yangu wala baba yangu. Nimwite Miss, kisha jina lake la kwanza.

Moyoni nikasema huyu mama ana maringo. Wiki mbili baadaye, nikimpaka mafuta miguuni, akanieleza. Enzi za ubaguzi huku Kusini mwa Marekani, wazungu hawakuwa tayari kumwita mwanamke mweusi "Miss" wala "Mrs". Akiwa bado kijana waliita jina lake tupu au "girl", akizeeka, "Auntie". Neno la ukoo likawa njia ya kumnyima heshima yake. Akanitajia Mary Hamilton, mpigania haki aliyesimama mahakamani Gadsden, Alabama, mwaka 1963. Mwendesha mashtaka alimwita Mary. Akagoma kujibu mpaka aitwe Miss Hamilton. Jaji akampa siku 5 jela na faini ya dola 50. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1964 akashinda.

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye kisigino chake. Nilimwomba radhi, na niliomba kwa dhati.

Si kwamba neno lenyewe analichukia. Watoto wa ndugu zake wakipiga simu, "Auntie" yao anaiitikia kwa furaha. Wajukuu wanamwita Big Mama, ingawa kwa kimo hanifiki begani. Ukubwa huo ni wa cheo. Kanisani kwake, wanawake wazee wanaoheshimiwa huitwa Mother, naye ni mmoja wao.

Hiyo Miss yenyewe huku haiulizi kama umeolewa. Watoto weusi kwa weupe humwita hivyo jirani mzee au mwalimu, na akiwauliza jambo hujibu "yes, ma'am". Jina la kwanza linakusogeza karibu, Miss inakukumbusha adabu. Ni Bi yetu ya pwani kabisa! Bi Mwanaidi, Bi Zuhura, ndivyo nilivyofunzwa kuwaita wazee wa mtaani kwetu. Muda wote natafuta shangazi, kumbe nilichokihitaji ni Bi.

Siku hizi asubuhi nikiingia nasema Miss na jina lake, na goti hukunjika kidogo lenyewe. Ameshazoea. Nikiinama tu, ananyoosha mkono nimwinue kitini.