Nilivyolifufua trekta dogo la kukatia majani

Watu wakiona trekta la bustani limekaa nje miaka, swali lao la kwanza ni kama injini imekufa. Mi hilo ningeliuliza mwisho. Hizi injini za silinda moja hazifi kirahisi labda ziwe zimekimbizwa bila oili, mara nyingi zinagoma sababu ya mafuta au umeme basi. Kinachoua trekta ni deki, lile boksi la chini linalobeba visu, na huko ndo muda wangu mwingi uliishia.

Kabla ya kugusa stata nilitoa plagi nikadondoshea oili kidogo ndani ya silinda, nikaiacha ilale, kesho yake nikazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono taratibu. Ikazunguka, na nilipoziba tundu la plagi kwa kidole upepo ukanisukuma kidole, kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ipo na injini sina haja ya kuifungua. Nikamwaga oili ya zamani nikaweka SAE 30 mpya.

Petroli iliyokaa sana inaacha utando wa kahawia unaonata, na jeti kuu ya kabureta, kale katundu kanakopitisha mafuta, ilikuwa imeziba kiasi kwamba ukiielekeza kwenye mwanga huoni kitu. Nilichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme nikazibulia huo, maana shaba ni laini, ukichokoa na sindano ya chuma unaweza kupanua tundu halafu injini ikawa inabugia mafuta kama mlevi. Mipira ya mafuta nayo ilikuwa imekakamaa inapasuka ukiikunja, nikabadilisha yote pamoja na filta.

Cheche hakuna. Sumaku za flaiwili zilikuwa na kutu, nikazipitisha msasa laini, na koili, inayotengeneza umeme wa cheche, nikaifunga upya kwa kuweka kadi nyembamba katikati yake na sumaku, kama milimita 0.3 hivi, kaza bolti, chomoa kadi. Plagi mpya nikaipima nafasi ya kurukia cheche, milimita 0.76, na cheche ikaja ya bluu safi.

Ikawaka, ila nikipita kwenye shimo injini inazimika. Ni ile swichi ya chini ya kiti, inayozima injini ukinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, ilikuwa inashika na kuachia. Wengi wanaiunganisha moja kwa moja wasahau, mi nasema hapana, ukidondoka pale visu havina macho. Nikanunua nyingine.

Sasa deki. Majani yanayoganda chini yake yanatunza unyevu na bati linaoza taratibu wewe hujui, nilipokwangua na patasi kutu ikadondoka na kipande cha bati nacho kikaenda. Fundi wa kuchomelea akaweka kiraka. Beringi za shafti za visu ukizungusha kwa mkono unasikia kama zinasaga mchanga, nikazitoa, na mpya unapoziingiza kwenye nyumba yake gonga ringi ya nje tu, ukigonga ya ndani unaiua beringi kabla haijafanya kazi. Visu nilinoa kwa tupa nikifuata pembe yake ya zamani, halafu kila kimoja nikakitundika katikati kwenye msumari ukutani nione upande gani unashuka, huo unaoshuka unaupunguza mpaka kitulie sawa. Watu wanaruka hiki kipengele halafu wanashangaa beringi zinakufa tena. Na kabla hujapeleka mkono huko chini chomoa waya wa plagi jamani, hata kama ufunguo uko mfukoni.

Mkanda wa kuzungusha visu nilichukua uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, wa gari haudumu pale. Mwisho nikajaza upepo tairi zote sawa, nikaliweka kwenye sakafu iliyonyooka nikarekebisha deki mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, kama milimita 5, bila hivyo kisu kinapita juu ya majani mara mbili na kazi inakuwa mbaya.

Majani yalikuwa marefu kwa hiyo raundi ya kwanza nilikata deki ikiwa juu kabisa, ya pili ndo nikashusha. Imekata vizuri, mistari imenyooka. Rangi sijapiga na sina haraka nayo, kwanza nishughulike na klachi, kwenye kamwinuko ka nyuma ya nyumba bado inateleza.