Deni la mama wa dagaa

Miezi mitatu nafunga na kuomba Mungu anionyeshe: nihamie Dodoma au nibaki Mwanza? Kimya. Kila nikipiga magoti kinachonijia ni deni la mama wa dagaa, shilingi 18,000, tangu Pasaka. Nami nakemea shetani, eti ananivuruga maombi!

Jumamosi nikakutana na Yohana 7:17: anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua. Kumbe kutenda kunatangulia, jamani. Nikashuka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kulipa. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akahesabu noti mara mbili, kisha akanipimia kopo la nyongeza. "Nilidhani umeshahama, mwanangu."

Ya Dodoma bado sijajibiwa. Ila jioni hii nimempigia kaka yangu, tuliyenuniana tangu msiba wa baba.