Fiziotherapia kwenye tiba shufaa: anza na safari ya chooni

Familia nyingi zikisikia mgonjwa wao yuko kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso kwa mwenye ugonjwa mzito, hudhani sasa ni kulala tu. Matokeo yake viungo vinakakamaa, misuli inanywea, na vidonda vya kulalia vinaanzia kwenye kifandugu na visigino. Fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hapa haigombei kurudisha nguvu za zamani. Swali la kwanza kwa mgonjwa ni: unataka kufanya nini mwenyewe? Mara nyingi jibu ni kwenda chooni bila kubebwa. Mpango wote uanzie hapo.

Angalia saa kwanza. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, huanza kutuliza nusu saa hivi baada ya kunywewa, hukolea baada ya saa moja hivi. Ukimwinua kabla ya hapo ataumia, na kesho hatakubali kuguswa.

Kumketisha: mlaze ubavu akitazama ukingo wa kitanda, magoti yamekunjwa. Mkono wako mmoja upite nyuma ya bega la chini, mwingine ukae juu ya nyonga. Shusha miguu, inavyokwenda chini, kifua nacho kinapanda, kama mizani ya dukani. Mwache aketi dakika moja au mbili, nyayo zimekanyaga sakafu, kwani presha ikishuka kizunguzungu kitamwangusha. Msimvute kwa makwapa! Mfupa ulioliwa na saratani huvunjika kwa mvuto mdogo tu. Khanga iliyokunjwa na kufungwa kiunoni ndiyo ya kushika, ilimradi tumboni hana kidonda.

Akiishiwa pumzi njiani, akae na kuinamia mto ulio juu ya meza, mikono imeegeshwa. Avute hewa puani, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayechochea kaa la moto. Mpepee usoni, hata kipepeo cha ukindu kinatosha. Upepo wa shavuni hupunguza hisia ya kukosa hewa hata kama oksijeni haijaongezeka.

Mwenye saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea au mkojo ukagoma, acheni mazoezi. Huenda uti wa mgongo unabanwa: alazwe chali, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Siku za mwisho kabisa hakuna kuketi wala kutembea. Ni kumgeuza kwa shuka, watu wawili, kila baada ya saa mbili hivi, mto katikati ya magoti. Akikunja uso kila anapogeuzwa, punguzeni.