Kuomba kwa Kiingereza

Jioni tatu kwa wiki ninafundisha Kiingereza katika chumba kimoja hapa Nyawera, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi wangu ni watu wazima, na wote walisomeshwa kwa Kifaransa, huku nyumbani wakizungumza Kiswahili, Mashi au Kilega. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu au ya nne, na mara nyingi kinawafikia kikiwa kimepitia Kifaransa. Njia hiyo inawarahisishia mengi, lakini kuna mahali inapowaponza, na mahali penyewe ni pale mtu anapotaka kumwomba mwenzake kitu.

Mwezi uliopita mama mmoja muuguzi alinifuata kabla ya somo, simu mkononi. "Mwalimu, usome hii, uniambie nimekosa wapi." Alikuwa amemwandikia msimamizi wake, ambaye ni Mwingereza, akiomba siku mbili za kwenda kumzika shangazi yake. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu, herufi kubwa na nukta zote mahali pake, na katikati yake palikuwa na maneno haya: "I demand two days of permission." Jibu alilopata lilikuwa la mstari mmoja, likimwambia kwamba suala hilo litajadiliwa baadaye. Mama huyu aliumia, kwa kuwa alijua moyoni kwamba ameandika kwa heshima.

Na kweli aliandika kwa heshima, ila kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza. Neno hilo liliingia Uingereza pamoja na Kifaransa cha watawala waliotoka Normandie baada ya mwaka 1066, likatumika mahakamani kwa mtu anayedai haki yake, na uzito huo wa mahakamani haukulitoka tena. Mwingereza wa leo akisoma "I demand" anamwona mdai amesimama mlangoni, amekunja mikono, hataondoka bila chake.

Nilifuta ubao na kuliacha somo nililokuwa nimeandaa. Niliwaandikia namna ambayo Mwingereza angeiandika barua ile: "I was wondering if I could have two days off", yaani "nilikuwa ninajiuliza kama ningeweza kupata siku mbili za mapumziko". Papa mmoja dereva aliinua mkono. "Mwalimu, huyu alikuwa anajiuliza lini? Jana?" Swali lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Wakati uliopita katika sentensi hiyo hausemi lolote juu ya jana. Kazi yake ni kulisogeza ombi mbali kidogo, ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa bila pande zote mbili kuona haya. Nikawauliza kwa nini sisi tukienda kwa mkubwa tunasema "ningeomba" badala ya "ninataka", na chumba kizima kikaelewa kwa pamoja. Hiyo "-nge-" yetu ndiyo inayofanya kazi ya "could" na "would". Tangu siku hiyo siwafundishi tena maneno hayo kwa jedwali la sarufi.

Kinachowatatiza zaidi ni kwamba adabu ya Waingereza imewekwa mahali tofauti na yetu. Bukavu huwezi kufika dukani ukaanza na shida yako. Unasalimu kwanza, unauliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na ukishafanya hivyo unaweza kusema "unipatie maji" bila mtu kukuona huna malezi, kwa sababu salamu imekwisha kufungua njia. "Tafadhali" tunaikuta vitabuni kuliko midomoni. Mwingereza anasalimu kwa ufupi sana. Akikuambia "You all right?" hajakuuliza habari za malaria yako, anatarajia neno moja au mawili, kisha kila mtu aendelee na safari yake. Heshima yake ameiweka katika "please" na "thank you", na ukiziacha, hata kama umemsalimu kwa dakika tano, atahisi umemwamrisha.

Kuhusu "you", ninakiri kwamba somo hilo ni gumu. Kifaransa kina "tu" kwa mtu uliyemzoea na "vous" kwa unayemheshimu, lakini "you" ya Kiingereza ni moja kwa wote. Kiingereza nacho kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja uliyemzoea, lakini leo neno hilo limebaki hasa katika sala za zamani na katika lahaja chache za kaskazini mwa Uingereza. Aidha, ofisini Waingereza wengi huitana kwa jina la kwanza, hata na mkuu wao. Papa dereva alisema hawezi, na sikumlazimisha. Nilimwonyesha tu kwamba huko mtu hatamwelewa vibaya akifanya hivyo.

Wanafunzi hupenda pia kusikia habari za mila, nami huwapa: mioto ya tarehe 5 Novemba kwa ukumbusho wa njama ya Guy Fawkes na wenzake ya kulipua Bunge mwaka 1605, au namna ambavyo kaskazini ukialikwa "tea" huenda ukakuta chakula kamili cha jioni. Hayo wanayakariri kwa siku moja. Namna ya kuomba inachukua miezi, na ndiyo watakayoihitaji kazini.

Mama muuguzi aliandika upya ujumbe wake jioni ile ile, akaanza kwa kueleza msiba na kumalizia kwa shukrani. Asubuhi alipata siku zake mbili. Aliporudi darasani baada ya mazishi alileta simu tena, akanionyesha jibu: "I'm so sorry to hear about your aunt."

"Mwalimu, kwa nini anaomba msamaha? Yeye amekosa nini?"

Nilichukua chaki nikaandika "sorry" katikati ya ubao, na chini yake nikachora mishale miwili, mmoja ukielekea "samahani" na mwingine "pole".